Valvu Mpya Si Jawabu: Kumtambua Fundi wa Mvuke wa Petroli

Taa ya injini imewaka, fundi amechomeka mashine, imesoma P0455, na tayari anakutajia bei ya valvu mpya. Hapo ndipo pa kumpima. P0455 ni uvujaji mkubwa katika mfumo wa mvuke wa petroli, P0442 ni uvujaji mdogo, na P0456 ni mdogo zaidi. Hakuna namba hata moja kati ya hizo inayotaja spea. Anayetoka kwenye namba moja kwa moja hadi dukani anabahatisha kwa fedha zako.

Mvuke wa tangini huhifadhiwa kwenye kopo la mkaa. Injini ikishawaka, valvu ya kusafisha hufunguka na mvuke huvutwa ukachomwe. Valvu nyingine, ya hewa, huliacha kopo lipumue. Katika magari ya soko la Marekani, ambako mfumo wa gari kujipima wa OBD-II ni lazima kwa magari madogo tangu 1996, mengi yaliyofuata yanaweza kugundua tundu la nusu milimita. Tundu kama hilo hulioni kwa kuinama tu chini ya gari.

Fundi mzuri huanza na mfuniko wa tangi: anatazama mpira wake kama umepasuka, na mdomo wa tangi kama una kutu. Ni kazi ya dakika moja, na asiyeifanya mimi simwamini kwa yanayofuata.

Kisha valvu ya kusafisha, na ufundi huonekana hapa zaidi. Anachomoa waya wake injini ikiunguruma bila kukanyagwa mafuta, anatoa paipu itokayo kwenye kopo na kuweka kidole kwenye mdomo wa valvu. Bila umeme valvu hiyo inapaswa kuziba kabisa. Kidole kikivutwa, imebaki wazi. Mara nyingi gari la namna hiyo husumbua kuwaka likitoka kujazwa mafuta. Wengi huipa umeme, wakisikia inalia wanasema ni nzima. Mlio huo unaonyesha inacheza tu, hauonyeshi inaziba. Ninayemheshimu ni yule anayeigongagonga juu ya kitambaa cheupe. Zikidondoka chembe nyeusi, kopo limepasuka ndani, na valvu mpya peke yake itaharibika kama ile ya kwanza.

Mwisho moshi, wa kuonyesha tundu lilipo. Mashine ya moshi isukume kwa shinikizo dogo, karibu nusu ya psi. Akileta kompresa ya matairi mzuie, kwa sababu anaweza kupasua kopo au tangi, na hewa nyingi ndani ya mvuke wa petroli ni hatari ya moto. Vilevile angalia kama ameifunga kwanza valvu ya hewa. Kwa kawaida huwa wazi, na asipoifunga moshi utatokea hapo, naye atashangilia kuwa amepata tundu.

Kufuta taa si kutengeneza. Gari hujipima tena likiwashwa injini ikiwa baridi, tangi likiwa na mafuta ya kiasi, si tupu wala si pomoni. Kabla ya kumalizia malipo, liendeshe siku chache, kisha mwombe akuonyeshe kwenye mashine kwamba kipimo cha mvuke kimekamilika na namba haikurudi. Nawe ukiwa sheli, bomba likijikata, acha: petroli ya kushindilia huingia kwenye kopo na kuua mkaa.