Nyeusi Iliyopauka

Unganisha kompyuta na skrini kwa kebo ya HDMI, na huenda ukakuta nyeusi imepauka ikawa kijivu, kama kanga iliyofuliwa mara nyingi. Skrini haina ubovu, kebo haina ubovu, kadi ya video nayo haina ubovu. Tatizo ni kwamba pande mbili hazijakubaliana nyeusi inaanzia namba ngapi.

Kompyuta huhesabu kila rangi ya msingi kuanzia 0 hadi 255. Televisheni ilirithi hesabu nyingine: nyeusi ni 16, nyeupe ni 235, na nafasi za juu na chini zikaachwa kwa ajili ya mawimbi yanayopitiliza. Kiwango cha CEA-861, ambacho HDMI inakifuata, kinasema kuwa picha yenye muundo wa televisheni, mathalani 1920 kwa 1080, ihesabiwe kwa wigo huo finyu isipoelezwa vinginevyo, na yenye muundo wa kompyuta ihesabiwe kwa wigo kamili. Shida ilizuka pale skrini za mezani nazo zilipochukua 1920 kwa 1080. Draiva, yaani programu inayoendesha kadi ya video, ikitii kiwango, hutuma nyeusi ikiwa 16, na skrini isiyokijua kiwango hicho huiona 16 kuwa kijivu. Draiva ikipuuza kiwango na kutuma wigo kamili kwa runinga inayokitii, kila kilicho chini ya 16 humezwa na giza. Koti jeusi la mwigizaji hubaki doa moja lisilo na mikunjo.

Skrini hujieleza kwa kompyuta kupitia data fupi iitwayo EDID. Humo inaweza kutamka kwamba iko tayari kuambiwa wigo unaotumika, na draiva ikautaja katika ujumbe mdogo unaosafiri pamoja na picha. Nyingi hazitamki lolote. Nyingine hutamka yasiyo kweli.

Waandishi wa i915, draiva ya Intel katika Linux, waliweka mpangilio wa kuchagua wigo mwaka 2011, wakauita “Broadcast RGB”, ukiwa na machaguo mawili: kamili na finyu. Mwaka 2013 wakaongeza la tatu, la kuiachia draiva iamue yenyewe kwa kufuata CEA-861. Kwenye karatasi uamuzi huo hauna dosari. Mezani, watu waliokuwa na skrini za kompyuta zilizounganishwa kwa HDMI waliona rangi zikipauka, wakalazimika kurudi kwenye kitufe kilekile na kuchagua “kamili” kwa mkono.

Kwa maoni yangu, kitufe hiki kilistahili kuwapo, na sababu yake inafaa kuwa kipimo cha vitufe vingine vyote. Ndani ya kadi ya video hakuna chombo kinachoweza kuona kilichotokea upande wa pili wa kebo. Aliyekaa mbele ya skrini anaona. Ana habari ambayo draiva haiwezi kuipata kwa njia nyingine yoyote, na hahitaji utaalamu kuitoa: nyeusi ni nyeusi, au siyo.

Chukua sasa mambo ambayo hayajawekewa kitufe: vigawanyo vya saa inayoendesha pikseli, kiasi cha data kinachowekwa akiba kabla ya kupelekwa kwenye skrini, nguvu ya umeme kwenye nyaya za DisplayPort. Yote ni rejista zinazoandikika. Lakini mtumiaji hana la kuiambia draiva juu yake. Draiva ndiyo yenye majedwali na vipimo. Watengenezaji huyachungulia mambo hayo kupitia debugfs, sehemu ya kerneli (kiini cha Linux) ambayo hakuna aliyeahidi kwamba itabaki ilivyo.

Zamani hali ilikuwa tofauti. Mtumiaji wa XFree86, mfumo wa picha wa Linux wa enzi hizo, aliandika mwenyewe katika faili la mipangilio masafa ambayo skrini yake inayamudu, na pengine akakokotoa kwa mkono muda wa kila mstari wa picha. Nyaraka zilionya kuwa akikosea anaweza kuiharibu skrini. Wapo wanaokumbuka enzi hizo kwa fahari, lakini nadhani ule haukuwa uhuru. Zilikuwa kazi za draiva zilizobebeshwa mtu.

Kitufe kikishatolewa hakirudishwi kirahisi. Kerneli ya Linux ina desturi ya kutovunja programu zinazoitegemea, kwa hiyo kila mpangilio unaowekwa wazi ni ahadi ya miaka. Kwa muda mrefu ahadi hizo zilitolewa kiholela. Jambo hilihili la wigo, draiva ya radeon, ya kadi za AMD, ililiweka chini ya “output_csc”, na Raspberry Pi ikaliweka kwenye faili la kuwashia kama “hdmi_pixel_encoding”. Programu ya mezani iliyotaka kumpa mtumiaji chaguo moja ilibidi ijifunze lugha ya kila draiva. Siku hizi mpangilio mpya wa skrini katika kerneli hutakiwa uwe na jina na thamani zilizoandikwa rasmi, uelezwe unavyogusana na mipangilio mingine, na usibadilishe chochote mpaka mtu auguse. Pia lazima iwepo programu huria inayoutumia kweli. Sharti hilo la mwisho ndilo kali kuliko yote, maana huua vitufe vinavyotolewa kwa sababu tu maunzi yanaweza. Mwaka 2024 “Broadcast RGB” yenyewe ikaingizwa katika msimbo wa pamoja wa HDMI, jina likabaki lilelile la Intel.

Mpangilio wa “max bpc”, kikomo cha biti kwa kila rangi, unapita pia kile kipimo cha mtumiaji kuwa na habari ambayo draiva haina. Picha ya 4K kwa mara 60 kwa sekunde yenye biti 8 inatosha katika gigabiti 18 kwa sekunde za HDMI 2.0, yenye biti 10 haitoshi, isipokuwa rangi zipunguzwe kwa njia nyingine. Hiyo draiva inaikokotoa. Isichokijua ni ubora wa kebo, kwa sababu HDMI ya aina hiyo haina hatua ya kupima njia kama ya DisplayPort. Mtumiaji anayeona picha ikikatika hushusha kikomo.

Ila kitufe kina hasara nyingine: aliyetatua shida yake kwa kukibonyeza hana haja ya kumwambia mtu. Ndani ya kerneli kuna orodha ya skrini zinazojulikana kusema uongo katika EDID, zile zinazokosea vipimo vyao au idadi ya biti, pamoja na miwani ya uhalisia pepe isiyopaswa kupewa eneo-kazi la kompyuta. Jina moja likiongezwa humo, kila mwenye skrini ya aina hiyo amepona bila kubonyeza kitu. Mpangilio wa wigo ulipaswa kuja na njia rahisi ya kupeleka majina kwenye orodha hiyo, na haukuja nayo.