Nyumba Bamburi, Mwenyewe Muscat: Dai la Bima Lilivyolipwa kwa Mbali

Usiku wa siku ya mgao wa maji, boya la tangi lililo juu ya dari ya nyumba moja Bamburi, Mombasa, lilikwama. Maji ya mfereji yaliporudi yaliingia bila kizuizi, bomba la kutolea ziada likazidiwa, na kufikia alfajiri dari ya jipsamu ya jikoni ilikuwa sakafuni, makabati yamefura, maji yanapita chini ya mlango wa nyuma hadi uani. Mlinzi ndiye aliyeyaona. Mwenye nyumba, shangazi yangu, alikuwa Muscat kwa mwanawe, na hakurudi Mombasa mpaka dai lilipokuwa limekwisha kulipwa.

Ameniruhusu kupitia barua pepe zote za shauri hili, pamoja na ujumbe wa WhatsApp kati yake na wakala. Nimezisoma kwa makini kwa sababu watu wengi wa pwani wana nyumba huku na maisha kule: Oman, Dubai, Uingereza, Marekani. Wengi wao huamini kwamba bima ikishalipwa kwa simu, nyumba iko salama. Nyaraka za shangazi zinaonyesha kitu kingine. Kilicholeta fidia hii ni barua fupi aliyoiandika wiki mbili kabla ya kupanda ndege. Malipo ya kwenye simu peke yake yasingetosha.

Alimuaga wakala wake kwa ujumbe, naye akajibu kama mawakala wanavyojibu kila siku: "Shikamoo mama. Safiri kwa amani, bima yako iko hai mpaka Disemba." Shangazi akamjibu: "Marahaba mwanangu. Iko hai kwa nyumba yenye watu tu, au hata kwa nyumba tupu?" Kijana akasema, "Hapo niache niulize ofisini, mama." Swali hilo moja ndilo lililozaa ile barua, na ndilo lililobeba dai zima.

Bima ya nyumba inayouzwa Kenya kwa kawaida ni mkataba mmoja wenye sehemu kadhaa: jengo, vyombo vya ndani, vitu vya thamani vinavyotembea na mwenyewe, majeraha ya wafanyakazi wa nyumbani, na dhima ya mwenye nyumba kwa watu wengine. Kufurika au kupasuka kwa matangi na mabomba kumo katika majanga yanayofidiwa. Lakini mkataba wa shangazi una mstari chini yake unaosema fidia hiyo inakoma nyumba ikikaa bila mkaaji zaidi ya siku 30 mfululizo, na kwamba wizi nao hautalipwa katika hali hiyo. Tangi lilifurika akiwa katika mwezi wake wa pili nje ya nchi. Bila ile barua, kampuni ingekuwa na haki kamili ya kukataa, hata kama ada ilikuwa imelipwa yote.

Sharti hilo halikuwekwa ili kumtega mteja. Bei ya bima hupangwa kwa nyumba ambayo ndani yake kuna mtu anayesikia maji yakidondoka na kwenda kufunga koki. Mtu huyo asipokuwepo, hasara ya ndoo mbili inakuwa hasara ya dari nzima. Kampuni inataka kujua hali imebadilika ili iamue inaendelea kubeba hatari hiyo kwa masharti gani. Mwenye nyumba ana wajibu wa kusema, na akinyamaza, ni yeye atakayeulizwa.

Barua ya shangazi kwa kampuni ilikuwa aya moja. Alitaja namba ya mkataba, tarehe ya kuondoka na ya kurudi, kwamba mlinzi analala kwenye chumba cha uani, na kwamba mpwa wake anayeishi Kisauni ana funguo. Kampuni ikajibu kwa kumtaka afunge maji kwenye mita kwa muda wote huo. Akaeleza kwamba mlinzi hutumia maji ya tangi hilo hilo. Baada ya kuandikiana barua, wakakubaliana: maji yaachwe, mpwa aingie ndani angalau mara moja kila siku saba na aweke kumbukumbu, na kiasi ambacho mwenye nyumba hubeba mwenyewe kwa hasara ya maji kiongezwe maradufu. Makubaliano hayo yakatolewa kama nyongeza ya mkataba, yenye namba yake, tarehe yake na sahihi ya kampuni. Shangazi hakuondoka mpaka alipoipata PDF ile mkononi. Angetegemea "sawa mama, nimewaambia" ya wakala, leo hangekuwa na karatasi ya kuonyesha.

Ninachokiona hapa, na ndicho kinachonikera, ni kwamba programu ya simu ya kampuni ile haina mahali popote pa kuandika taarifa kama hiyo. Unaweza kulipa, kupakua hati, kuripoti ajali ya gari na kubadilisha nenosiri. Kusema kwamba nyumba itakaa bila watu, huwezi. Kwa hiyo kazi iliyo muhimu kuliko zote ilifanyika kwa barua pepe ya kawaida, na mtu asiyejua kuwa inahitajika asingeelekezwa na skrini yoyote.

Upande wa malipo nao una mtego wake mdogo. Juu ya ada yenyewe, mteja wa Kenya hulipa tozo ya mafunzo ya asilimia 0.2 na tozo ya mfuko wa kuwafidia wenye bima ya asilimia 0.25, na mkataba mpya hukatwa stempu ya shilingi 40. Kwa ada ya shilingi 30,000, hiyo ni 60, na 75, na 40: jumla 30,175. Aliye nje akimtumia ndugu shilingi 30,000 kamili na kumwambia "kalipe bima", mfumo utaonyesha deni la shilingi 175. Sheria ya Kenya inataka ada ipokewe kabla ya kampuni kubeba hatari, na hakuna sababu ya kuiachia kampuni nafasi ya kubishana juu ya shilingi hizo. Hata anayelipa kwa namba ya biashara ya M-Pesa aangalie sehemu ya akaunti: namba ya mkataba ikikosewa tarakimu moja, fedha huingia kwa kampuni lakini hazifiki kwenye mkataba wake. Shangazi huomba risiti yenye namba ya mkataba, mbali na ule ujumbe wa M-Pesa.

Kisha kuna laini ya simu. Mifumo karibu yote ya bima na benki hutuma namba ya uthibitisho kwa SMS kwenye laini iliyosajiliwa. Ukifika ughaibuni ukaweka laini ya huko na kuitupa ya nyumbani kwenye mkoba, umejifungia nje ya akaunti yako mwenyewe, na kubadilisha namba iliyosajiliwa ukiwa mbali ni kazi ngumu. Laini isiyotumika kwa muda mrefu huweza pia kufungwa na mtandao. Shangazi aliiacha laini yake ya Kenya kwenye simu ndogo ya vitufe, romingi imewashwa kwa SMS tu, na aliijaribu kabla ya kuondoka. Simu hiyo ilikaa kwenye rafu ya jikoni Muscat, na ndiyo iliyomfungulia akaunti siku alipoihitaji.

Siku yenyewe ilikwenda hivi. Mlinzi alimpigia mpwa, mpwa akafunga koki na kuzima umeme wa jikoni, kisha akapiga picha kabla hajagusa chochote: tangi, boya lililokwama, dari, kila kabati kwa nje na kwa ndani, na mita ya maji. Hapo kuna jambo la kiufundi ambalo wengi hawalijui. Picha ikitumwa WhatsApp kwa njia ya kawaida hubanwa, na taarifa zilizofichwa ndani yake, yaani tarehe, saa na mahali ilipopigwa, huondolewa. Ikitumwa kama faili, taarifa hizo hubaki. Mpwa alizituma kama faili, na zile za asili akaziacha kwenye simu yake. Mkadiriaji hasara alipouliza dari ilianguka lini, jibu lilikuwa ndani ya picha yenyewe.

Shangazi akaandika barua pepe ya kuripoti kabla ya adhuhuri, akaambatanisha picha chache na ile nyongeza ya mkataba. Alipiga simu pia, lakini barua ndiyo iliyohesabiwa, kwa sababu sheria ya Kenya huipa kampuni siku 90 tangu kuripotiwa kwa dai kulilipa. Simu isiyo na kumbukumbu haianzishi saa hiyo kwa namna unayoweza kuithibitisha. Mkadiriaji alitaka kuzungumza naye kwa video ya WhatsApp. Haikuwezekana, kwani simu za sauti na video za WhatsApp zimezuiwa Oman kwa muda mrefu. Maswali yakaja kwa maandishi, na nadhani ilikuwa heri, maana kila jibu likabaki kwenye kumbukumbu.

Mkadiriaji alifika nyumbani akapokewa na mpwa. Kampuni ilikubali kuzungumza na kijana huyo kwa sababu jina lake, namba ya kitambulisho chake na mipaka ya mamlaka yake vilikuwa kwenye barua ya idhini iliyotumwa pamoja na ile taarifa ya kwanza ya nyumba tupu: aonyeshe nyumba, apokee mkadiriaji, alete makadirio ya mafundi, asikubali kiasi cha fidia wala asipokee fedha. Tangu Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019, kampuni makini haitoi habari za mteja kwa ndugu aliyejitokeza tu na kusema "mimi ni mpwa wake". Njia ya mkato ambayo familia nyingi huitumia, ya kumpa kijana nenosiri, ni mbaya kwa pande zote: kila anachobonyeza kinahesabika kuwa umebonyeza wewe.

Kisha mpwa akaonyesha daftari. Lilikuwa daftari la shule la kurasa 48, lenye tarehe ya kila alipoingia, saa, na maneno mawili matatu: "jikoni sawa", "koki ya choo inavuja, imekazwa". Kila ukurasa ulikuwa umepigwa picha na kutumwa Muscat wiki ile ile. Mkadiriaji alilisoma lote. Sharti la siku saba lilikuwa limetimizwa, na mjadala wa nyumba tupu ukaishia hapo.

Uliobaki ulikuwa mjadala wa fedha, na hapa shangazi alipunguziwa. Jengo lilikuwa limekatiwa bima kwa thamani aliyoiandika miaka mingi nyuma, wakati saruji, mbao na mafundi walikuwa wa bei nyingine. Tuseme kulijenga upya leo kunahitaji shilingi milioni 12, nalo limekatiwa bima ya milioni 9. Kampuni huhesabu kwamba umebeba mwenyewe robo ya hatari, kwa hiyo hasara ya shilingi 400,000 hulipwa 300,000, kisha kinakatwa kile kiasi cha kubeba mwenyewe. Watu huona hilo ni dhuluma, lakini limeandikwa kwenye mkataba, na dawa yake ni kurekebisha thamani kila mwaka unapohuisha bima. Kinachohesabiwa ni gharama ya kujenga upya. Bei ya kiwanja haimo, na bei ambayo dalali angeuzia nyumba haimo. Hili, tofauti na taarifa ya nyumba tupu, programu ya simu inaliruhusu: kuna kisanduku cha kubadilisha thamani wakati wa kuhuisha. Watu wengi hukipita bila kukigusa kwa sababu kubonyeza "endelea" ni haraka zaidi.

Hati ya kukubali malipo ilitumwa kwa barua pepe, akaichapisha, akaitia sahihi, akairudisha pamoja na nakala ya kitambulisho na namba yake ya mlipakodi (PIN ya KRA). Fedha zikaingia benki, kwenye akaunti yenye jina lake. M-Pesa isingefaa kwa fidia kubwa, kwani muamala mmoja hauvuki shilingi 250,000.

Wapo watakaouliza kwa nini mtu anayeishi London asiikatie nyumba ya Mombasa bima huko huko London. Sheria ya Bima ya Kenya, Sura ya 487, hairuhusu hatari iliyo Kenya kupelekwa kwa kampuni isiyosajiliwa nchini bila idhini ya Kamishna wa Bima. Tanzania, chini ya Sheria ya Bima ya 2009, nayo hutaka bima za nchini zianze kwa kampuni za nchini. Kwa hiyo kushughulika na ofisi ya nyumbani kwa mbali hakukwepeki. Na wenye nyumba Uingereza wanaokuja pwani kwa miezi miwili mitatu wana sharti lile lile: mikataba mingi ya huko huhesabu siku 30 au 60 za nyumba kuwa tupu, na wakati wa baridi huongeza sharti la kuacha kipasha joto kikiwaka au kukausha mabomba, kwa sababu maji yakiganda ndani ya bomba hulipasua. Marekani nako, mikataba mingi hailipi uharibifu wa makusudi kwenye nyumba iliyoachwa tupu zaidi ya siku 60.

Ombi langu kwa kampuni zetu ni dogo na haligharimu kitu kikubwa: sehemu moja kwenye programu, yenye tarehe mbili, jina la mwenye funguo, na majibu yanayorudi kwa maandishi. Mamlaka ya Kudhibiti Bima inaweza kulidai hilo kwa kila kampuni inayouza bima ya nyumba kwa simu. Mpaka hapo litakapofanyika, anayesafiri aandike barua pepe mwenyewe, asubiri nyongeza yenye namba, na akirudi aandike tena kwamba amerudi, ili masharti ya nyumba tupu yaondolewe na kile kiasi cha kubeba mwenyewe kishushwe. Shangazi aliandika hiyo ya pili jioni aliyotua uwanja wa ndege wa Moi, Mombasa, na majibu yalimfikia baada ya siku nne.