Acha Baba Awe Mjomba

Bibi yangu alikuwa akisuka ukili barazani, na kosa hakulivumilia hata kidogo. Chane moja ikipita juu pale ilipotakiwa kupita chini, anasonya, anafumua mpaka alipokosea, anaanza tena. Nilipoanza skripti yangu ya kwanza ya filamu ndefu nilifuata mwendo huohuo. Miezi miwili ikapita, nina kurasa kumi na moja. Zilikuwa kurasa safi, sikatai. Lakini ukurasa mmoja huhesabiwa takriban dakika moja ya filamu, kwa hiyo nilikuwa na dakika kumi na moja za mama akifungua duka, na sikujua atalifunga lini.

Bibi alikuwa akijua upana wa kitanda kitakachotandikwa mkeka kabla hajachana ukindu. Rasimu ya kwanza haina kitanda.

Siku hizi nikigundua kwenye ukurasa wa 34 kwamba yule baba mkali wa binti alifaa kuwa mjomba (baba hutoa amri tu, mjomba sharti ale kwanza cha watu ndipo agombe), sirudi nyuma. Ukurasa wa 35 anabisha hodi akiwa mjomba, anapewa shikamoo yake, na kila mtu mle ndani anajifanya hajawahi kuwa baba. Daftarini naandika: "1–34, baba sasa mjomba." Basi. Ukimpa mtu rasimu hiyo atadhani ni ukoo wa mazingaombwe, kwa hiyo usimpe. Na kwenye skripti ile, nilipofika ukurasa wa 107, hata mjomba hakuwa na kazi tena. Maneno yake yote yalikuwa yamehamia kwa jirani anayepika vitumbua. Ningalirudi kumtengeneza, ningalitengeneza kurasa thelathini na nne kwa ajili ya mtu aliyekuwa njiani kuondoka. Baya zaidi, ningalimpenda, na kurasa ulizokwisha kuzipiga pasi huzitupi kirahisi.

Watu husifu skripti kwa mazungumzo yake. Mimi navulia kofia ustadi huu usioonekana: kuibeba hadithi kichwani kama itakavyokuwa, huku karatasi ikisema vingine, na mkono usitetereke. Sylvester Stallone anasimulia kwamba rasimu ya kwanza ya Rocky aliimaliza kwa siku tatu na nusu hivi. Filamu iliyotoka 1976 ilikuwa imeandikwa upya sana. Kisa ninachokipenda zaidi, hata hivyo, ni cha Billy Wilder na mwenzake I. A. L. Diamond walipokuwa wakiandika Some Like It Hot ya 1959. Walikosa neno la mwisho, lile analotamka tajiri kwenye boti baada ya kuambiwa kwamba mchumba wake ni mwanamume. Diamond akapendekeza moja. Wakaliweka la muda tu, wakisubiri zuri zaidi. Halikupatikana. Leo kaburi la Wilder mwenyewe lina mzaha uliotokana na neno hilo.

Ninarudi nyuma kwa jambo moja tu: nikiwa sijui mhusika anataka nini. Hapo daftari halisaidii, maana kila onyesho linakuwa ugomvi usio na deni. Nakaa nusu siku, naandika upya onyesho moja, la kwanza analotokea, kisha naruka hadi nilipoishia. Wanaosahihisha koma kila asubuhi ili kupasha mkono moto sigombani nao, mradi waondoke kwenye koma kabla chai haijapoa.

Skripti ya sasa iko ukurasa wa 58. Kwenye wa 41 binti anamwambia mama yake jambo fulani jikoni, na pembeni nimeandika kwa wino mwekundu: "Bovu. Rudi." Jana nilipita hapo nikitafuta jina la mtaa. Nikausoma mstari ule mara mbili, na sikukumbuka ubovu wenyewe ulikuwa wapi.