Msimbo, Utanzu na Rafu: Uhakiki wa Uainishaji wa Fasihi ya Kiswahili katika Biashara ya Vitabu

1.0 Utangulizi

Wahakiki wa fasihi ya Kiswahili wamezoea kulijadili suala la tanzu kana kwamba ni suala la darasani tu. Tumeandika mengi juu ya mipaka iliyopo kati ya riwaya na novela, ngano na hekaya, utenzi na shairi. Hata hivyo, kabla msomaji hajakifikia kitabu, yupo mtu mwingine ambaye amekwisha kuamua kitabu hicho ni cha utanzu gani. Huyo ni karani wa mchapishaji anayejaza maelezo ya kitabu katika kompyuta, na uamuzi wake huandikwa kwa herufi na tarakimu chache. Makala haya yanadai kwamba uamuzi huo ni tendo la uhakiki, kwamba aghalabu hufanywa pasipo mhakiki, na kwamba usipohuishwa huweza kuifuta kazi ya sanaa machoni pa wasomaji wake.

Kisa kimoja kitatosha kudokeza uzito wa jambo hili. Mwanafunzi wa uzamili niliyekuwa nikimsimamia alikusudia kuchunguza bunilizi za kisayansi katika Kiswahili. Alipekua orodha moja ya mauzo kwa kufuata mada, asipate hata kitabu kimoja. Baadaye aliitafuta kwa jina la mwandishi riwaya aliyokwisha kuisoma, akaikuta imeainishwa kuwa kitabu cha kujifunzia lugha ya kigeni. Wakati huo alikuwa amekwisha kuandika katika pendekezo lake kwamba utanzu huo haujazuka katika fasihi yetu. Kosa la karani lilikuwa karibu kugeuka hoja ya tasnifu.

2.0 Mifumo na Itikadi Yake

Mfumo wa Dewey, uliochapishwa mara ya kwanza mwaka 1876, unafahamika kwa kila aliyewahi kuingia maktabani. Katika mfumo huo fasihi imetengewa namba 800 hadi 899. Fasihi ya Kiingereza ya Marekani imepewa 810 na ile ya Uingereza 820, kila moja ikiwa na nafasi kumi kamili. Fasihi za lugha nyingi za Kiafrika zimebanwa katika 896, na ya Kiswahili iko 896.392. Hapana haja ya kueleza sana ni nani aliyekuwa kitovuni na nani pembezoni mpangilio huo ulipobuniwa.

Biashara ya vitabu ina mifumo yake. Wamarekani hutumia BISAC, ambayo orodha yake hutolewa upya kila mwaka. Mfumo wa kimataifa wa Thema ulianzishwa mwaka 2013 na husimamiwa na shirika la EDItEUR la London. Mfumo wa Uingereza wa BIC, uliotangulia Thema, uliondolewa rasmi katika matumizi mwaka 2024. Misimbo hii husafirishwa kutoka kwa mchapishaji hadi kwa muuzaji kwa kanuni iitwayo ONIX, na orodha za misimbo ya kanuni hiyo huhuishwa mara nne kwa mwaka.

Tofauti kubwa kati ya Dewey na Thema ni hii: rafu ya maktaba hukipa kitabu mahali pamoja tu, lakini Thema hukubali misimbo kadhaa kwa kitabu kimoja. Herufi F huonyesha bunilizi, FL bunilizi ya kisayansi, FM fantasia, DC ushairi na DD tamthilia. Tarakimu za mwanzo huongeza sifa nyingine: 1 mahali, 2 lugha, 3 kipindi cha wakati, 4 matumizi ya kielimu. Kwa hiyo lugha inayohusika ni sifa ya nyongeza tu, wala si utanzu. Anayeiweka riwaya chini ya ujifunzaji wa lugha kwa sababu tu imeandikwa kwa Kiswahili amechanganya chombo na kilichomo chomboni.

3.0 Mifano kutoka Matini

Tuitazame Walenisi ya Katama Mkangi (1995). Mhusika wake mkuu, Dzombo, anahukumiwa kifo, anatiwa katika chombo cha angani na kuishia katika ulimwengu ambao jina lake lenyewe linatuambia kwamba wale ni sisi. Tukiipa msimbo wa bunilizi ya kisayansi tutakuwa tumesema kweli, lakini nusu yake. Safari ya angani ni chombo cha tashtiti ya kisiasa. Msimbo mmoja ungetulazimisha kuchagua kati ya chombo na shabaha. Misimbo miwili ingehifadhi mvutano ambao ndio uhai wa riwaya hiyo.

Nagona (1990) na Mzingile (1991) za Euphrase Kezilahabi ni mtihani mgumu zaidi. Zinaitwa riwaya, ilhali zinavunja msuko, wakati na uhusika ambavyo riwaya ya kihalisia ilivijenga. Mhakiki anaweza kuzijadili kwa kurasa arubaini. Karani ana kisanduku kimoja na dakika mbili. Asipopata ushauri, ataandika bunilizi kwa jumla, na maandishi ya kimajaribio yatakaa pamoja na hadithi za upelelezi.

Upande wa ushairi, Utendi wa Mwana Kupona wa mwaka 1858 ni ushairi, ni mawaidha ya mama kwa bintiye, na ni maandishi ya kidini. Mapokeo yetu hayakuona mgongano wowote katika hilo. Mgongano huzuka pale tu tunapotakiwa kuchagua rafu moja.

4.0 Lugha, Lahaja na Tafsiri

Katika viwango vya ISO 639, Kiswahili kina msimbo "swa" kama lugha jumuishi, na chini yake "swh" kwa Kiswahili cha Pwani na "swc" kwa Kiswahili cha Kongo. Kiamu na Kimvita, lahaja zilizobeba sehemu kubwa ya ushairi wa kale, humezwa humo. ONIX huruhusu pia kutajwa kwa hati, kwa hivyo toleo la Al-Inkishafi lenye hati za Kiarabu linaweza kutofautishwa na lile la hati za Kirumi. Kwa mtafiti wa miswada tofauti hiyo si ndogo.

Tafsiri nazo zina funzo. Kwa kanuni ya Dewey tafsiri hufuata lugha ya asili, hivyo Mabepari wa Venisi ya Julius Nyerere (1969) huenda kwa Shakespeare, 822.33, mbali na 896.392. ONIX hutaja lugha ya matini na lugha ya asili kila moja mahali pake. Hapa kanuni ya wafanyabiashara imemtendea mfasiri haki kuliko ile ya wakutubi, mradi mchapishaji ajaze sehemu zote mbili.

5.0 Pingamizi Mbili

Wapo watakaosema kwamba misimbo ni zana ya wauzaji, na mhakiki hapaswi kuipigia magoti. Jibu letu ni kwamba mhakiki anayedharau orodha ataendelea kutegemea orodha hiyo hiyo kila atakapotafuta vitabu.

Pingamizi la pili ni zito zaidi: kwamba kategoria hizi zimezaliwa kwingine, na kuzijaza ni kukubali kupimwa kwa pishi la jirani. Hili tunalikubali kwa sehemu. Riwaya haikuanza na Waswahili, wala utenzi haukuanza na EDItEUR. Lakini Thema huruhusu nchi kuongeza viendelezi vyake katika sifa za nyongeza, na hupokea mapendekezo ya marekebisho. Mlango upo. Tusipobisha, wengine watatuainisha kwa niaba yetu, kisha tutalalamika kwenye makongamano.

6.0 Hitimisho

Tumejaribu kuonyesha kwamba msimbo ni dai la kihakiki lililofupishwa, na kama dai lolote linaweza kuwa bovu au kupitwa na wakati. Tunapendekeza mambo matatu. Kwanza, wachapishaji wawashirikishe wahakiki wanapoainisha bunilizi na ushairi. Pili, orodha za vitabu vya zamani zipitiwe upya kila mfumo unapobadilika, kwa kuwa kitabu kilichobaki na msimbo uliofutwa ni sawa na barua yenye anwani ya nyumba iliyobomolewa. Tatu, idara zetu ziwafundishe wanafunzi wa uzamili kusoma misimbo hii kwa jicho lile lile la kihakiki wanalosomea matini.

Mwanafunzi niliyemtaja aliibadilisha sentensi yake. Badala ya kudai kwamba utanzu haupo, aliandika kwamba haujaorodheshwa. Kati ya maneno hayo mawili kuna kazi kubwa, nayo ni yetu.