Dume la Buhuri

Wasomaji waliofuatilia vituo atamizi vya Wizara ya Mifugo na Uvuvi, vile vilivyoanzishwa katika mwaka wa fedha 2022/2023 na baadaye kuingizwa katika BBT, mpango wa serikali wa kuwaingiza vijana katika kilimo na ufugaji, hawana haja ya kuelezwa namna vijana wahitimu walivyokusanywa vituoni, chuo cha mifugo cha Buhuri na kituo cha utafiti wa mifugo cha TALIRI Tanga vikiwamo, wakafunzwa tiba, lishe na hesabu za biashara. Na mafunzo hayo, kwa insafu, yalikuwa mazuri. Lakini aliyeamua kwamba mnyama wa kuanzia, hata hapa Tanga, awe dume la kunenepeshwa, alikosea, na taksiri yake si ndogo.

Unenepeshaji ni biashara ya chakula kabla haujawa biashara ya ng'ombe: dume aliyekonda hununuliwa mnadani, akafungiwa yapata miezi mitatu, na faida yote hutegemea urahisi wa kile kinachotiwa horini. Wenzetu wa Shinyanga na Mwanza, walio jirani na vinu vya pamba, wana mashudu mlangoni. Tanga haina pamba ya kutajika, na kila gunia la mashudu lipitalo njia panda ya Segera huwa, kwa nauli yake, limekwisha kula sehemu ya nyama kabla ng'ombe hajalionja. Fauka ya hayo, dume humlipa mwenyewe siku moja tu, na bei ikianguka siku hiyo, kijana aliyeanza bila akiba hana pa kuegemea. Ilhali maziwa hukamuliwa asubuhi na jioni, na Tanga, kinyume cha mikoa mingi, ina masika na vuli za kuoteshea majani, ina vituo vya kukusanyia maziwa, ina ushirika wa wafugaji wa maziwa, TDCU, na ina kiwanda cha Tanga Fresh kinachonunua. Kumweka kijana katikati ya neema hiyo kisha kumkabidhi dume ni jambo nisiloweza kulitolea udhuru.

Nimekwisha kulisema hili, nami sitachoka: mfano tulikuwa nao, tena palepale Buhuri. Mradi wa maziwa wa wafugaji wadogo wa Tanga, ulioanza mwaka 1985 kwa msaada wa Uholanzi, haukumpa mtu mtamba mpaka awe amepanda majani, amejenga banda na kuhudhuria mafunzo. Na aliyekopeshwa mtamba alilipa mtamba, akapewa jirani. Mabwana mifugo wa mradi huo walimlea mwanagenzi juu ya ardhi yake mwenyewe, kwa hiyo hapakuwa na siku ya kuuliza aende wapi baada ya mafunzo, swali ambalo kituo atamizi, kwa maumbile yake, hulilimbika hadi siku ya mwisho.

Awamu ijayo Tanga ianze na mtamba. Na kijana asiye na ardhi atafutiwe kwanza katika mashamba ya mkonge yaliyogeuka pori huko Muheza na Korogwe, kabla barua ya wito haijaandikwa.