Sifa ya Mwalimu wa Kiingereza Kisangani

Kijana wa Kisangani anayejiandaa kwenda kusoma Kampala haendi na kichwa kitupu. Amekulia Kiswahili na Lingala, shuleni amesomeshwa kwa Kifaransa, na nyumbani huenda bibi yake humsemesha kwa lugha nyingine tena. Kongo ilitia saini mkataba wa kujiunga na Jumuiya ya Afrika Mashariki tarehe 8 Aprili 2022, na katika vyuo vya jirani zetu wengi masomo ni kwa Kiingereza. Namsifu mwalimu anayemwandaa kijana huyo.

Mtazame akiwa kazini. Mwanafunzi aliyevuka mto kwa mtumbwi kutoka Lubunga ameombwa aeleze kwa Kiingereza uvuvi wa Wagenia: magogo yaliyosimikwa kwenye maporomoko na kufungwa kwa kamba za msituni, madema makubwa yaliyoning'inizwa, midomo ikielekezwa kwenye mkondo ili maji yenyewe yamsukume samaki ndani. Jambo analijua barabara, ila maneno yanamkatikia njiani. Mwenzake anataka kumdokezea. Mwalimu anainua kiganja kumzuia. Asiye fundi angemalizia sentensi mwenyewe, au angedaka kosa la kitenzi papo hapo. Huyu anangoja. Kijana anachukua chaki, anachora dema, anatoa neno moja, halafu jingine, mpaka samaki anaingia. Ndipo mwalimu anayarudia maelezo yaleyale kwa Kiingereza sanifu, polepole, kana kwamba anahakikisha amesikia vizuri. Kosa limesahihishwa na hakuna aliyeaibishwa.

Matamshi nayo yana kazi yake. Kifaransa hakina sauti ya th, na Kiswahili cha huku huigeuza ile ya pwani kuwa s. Basi mwalimu hutoa ncha ya ulimi kati ya meno mbele ya watu wazima, bila haya, hadi darasa zima linamfuata.

Chuo Kikuu cha Kisangani, kilichoanza mwaka 1963, hufundisha kwa Kifaransa. Mhitimu wake akifika Makerere anaweza kukaa kimya semina nzima, na wenzake wakadhani hana la kusema. Hilo linaniuma, kwa sababu analo.

Walimu wa Kampala, Nairobi na Arusha, vijana hawa wanakuja kwenu. Wapeni chaki, na muda wa kumaliza sentensi.