Du Fu Alivyoimba Vita Bila Kuonyesha Mapigano

Mwaka 759, Du Fu, mshairi wa China ya enzi ya Tang, alitunga shairi la mistari 24 kuhusu usiku mmoja katika kijiji cha Shihao. Uasi wa jemadari An Lushan, ulioanza mwaka 755, ulikuwa bado unakula watu. Shairi zima halina pigano hata moja. Afisa anakuja usiku kukamata watu wa kupeleka jeshini. Mzee mwenye nyumba anaruka ukuta na kukimbia. Mkewe anatoka kujibu.

Ufundi uko hapo. Maswali ya afisa hatuyasikii. Tunasikia majibu ya bibi tu, na kila jibu linatuonyesha alivyobanwa. Wanawe watatu wamekwenda vitani, wawili wameuawa. Ndani amebaki mjukuu anayenyonya na mama yake, asiye na nguo nzima ya kutokea nje. Mwishowe bibi anajitoa yeye, akawapikie askari. Mshairi, aliyelala humo kama mgeni, halaani wala hahubiri. Asubuhi anaagana na mzee peke yake, nasi tunajua bibi amekwenda wapi.

Tenzi zetu za Kiswahili zimeshika njia nyingine. Hemedi bin Abdallah el-Buhriy alisimulia vita vya Wajerumani na watu wa pwani ya Mrima. Shaaban Robert alitunga beti zipatazo 3,000 juu ya vita vya 1939 hadi 1945. Nazienzi tenzi hizo, zimetuhifadhia historia. Ila majeshi yakishajaa ubeti, mama wa askari hukosa pa kusimama.

Manju wa Kisukuma wa Bariadi, Maswa na Itilima, mnaotungia makundi ya ngoma ya Bagika na Bagalu nyimbo za mashindano baada ya mavuno, mnaweza kumpa mama huyo nafasi. Wasukuma walibebeshwa mizigo ya majeshi katika Vita vya Kwanza vya Dunia. Katika vya Pili waliingia Keya, jeshi la Waingereza. Kisha Idi Amin wa Uganda akaivamia Kagera mwisho wa Oktoba 1978, majira ya kuandaa mashamba ya pamba, na mgambo wakaitwa. Kampala ilianguka Aprili 1979. Vita hivyo vilikuwa vya kuilinda nchi, sisemi vilipiganwa bure. Lakini kati ya miezi hiyo kuna kupanda na palizi, kazi za jembe, na kuna ng'ombe wa kuchunga. Nani alizifanya kijana alipokuwa mbele?

Mashujaa wameshaimbwa vya kutosha. Kaeni na kina mama waliobaki na majembe yale, wale ambao wangali hai, mtunge wimbo kwa majibu yao.